Kapnografu imekufa, eti kifua kinatosha? Hakitoshi!

Mkuu, umesema unaanza zamu za kutoa dawa za usingizi hospitali ya wilaya, kapnografu (mashine inayoonyesha mawimbi ya kabonidayoksaidi katika pumzi ya mgonjwa) ni mbovu, na bosi kakwambia usikilize kifua na kuangalia mvuke kwenye tyubu ya kupumulia, inatosha. Halafu unauliza ununue laringoskopu ya video ipi (kifaa chenye kamera cha kuonea koo wakati wa kuingiza tyubu) na usome kozi gani. Weka hayo pembeni kwanza. Bosi wako anakupeleka shimoni, na humo mimi nimeshatumbukia.

Aliyenifundisha vitendo alikuwa na maneno hayo hayo: ukisikia hewa kushoto na kulia, funga plasta, kazi imekwisha. Siku moja tuna mgonjwa wa ngiri, mwanaume mwenye afya yake, tumempa oksijeni vizuri kabla ya kumlaza. Koo halikuonekana sawasawa, lakini tyubu ikapita. Stetoskopu: sauti kushoto, sauti kulia. Mvuke upo. Oksimita, kipimo cha oksijeni kwenye damu, 99. Tukafunga plasta.

Kumbe tyubu imeingia kwenye umio, njia ya chakula! Hewa inayokwenda tumboni husikika mpaka kifuani, na mvuke hata sufuria ya uji inao. Oksimita nayo huchelewa kusema ukweli: mtu aliyejazwa oksijeni anaweza kukaa dakika kadhaa namba ikiwa nzuri huku mapafu hayapati kitu. Namba ilipoanza kushuka, 90, 84, 70, hakuna aliyeishuku tyubu, si tumeshasikiliza? Tukasema kifua kimebana, tukapuliza salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, tukakagua mashine, tukabishana. Nesi wa thieta ndiye aliyeuliza, "Daktari, mbona tumbo linazidi kujaa?" Tukaing'oa, tukambana maski, akarudi. Alipona, namshukuru Mungu. Yule mwalimu bado anafundisha, na bado anawaambia wanafunzi wafunge plasta. Inaniuma sana.

Sheria ni moja: tyubu bila mawimbi ya kabonidayoksaidi ni tyubu iliyo mahali pabaya. Itoe, mpe hewa kwa maski. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 umesema wazi kwamba kusikiliza kifua na kuona mvuke visitumike kuthibitisha kuwa tyubu haiko kwenye umio. Unataka mawimbi yanayoendelea, angalau pumzi 7. Usikubali anayekwambia mstari umelala kwa sababu moyo umesimama. Ukikandamiza kifua vizuri, mawimbi madogo huonekana.

Na kuwa na mashine peke yake hakutoshi. Uingereza, mwaka 2020, mama aliyekwenda kutolewa kidole tumbo alikufa, tyubu ikiwa kwenye umio. Kapnografia ilikuwepo, haikusomwa inavyotakiwa.

Kwa hiyo hela ya video itafutie kapnografu. Zipo ndogo za mkononi zinazotumia betri, zinachomekwa kwenye tyubu pale pale. Video itakuonyesha koo, sawa, lakini haikwambii baada ya dakika kumi kama tyubu imechomoka wakati mnamgeuza mgonjwa.

Kesho kabla hujamlaza wa kwanza, pulizia pumzi yako mwenyewe kwenye kibomba cha kapnografu uone mawimbi yakiinuka. Kama mashine haijapatikana na upasuaji si wa dharura, mwambie daktari wa upasuaji asubiri, hata akikasirika. Kama upasuaji unaweza kufanyika kwa sindano ya ganzi ya mgongo, choma mgongo. Bosi akikubishia, mwambie aandike kwenye faili la mgonjwa kwamba kifua kinatosha, aweke na sahihi yake.