Mwanangu ameichoka sindano

SWALI: Dada muuguzi, habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na ana kisukari tangu darasa la tano. Alikuwa akijidunga mwenyewe bila kukumbushwa. Tangu likizo ya Juni mpira ameacha, usiku halali, akisemeshwa anafoka. Juzi nimekuta kichupa cha insulini kiko vilevile, hakijapungua. Lakini daftari lake linaonyesha sukari 6 kila asubuhi! Baba yake anasema ni ukaidi, dawa yake fimbo. Nifanyeje? – Mama K., Tanga

JIBU: Nzuri, mama K. Fimbo iwekeni kando. Daftari la 6, 6, 6 nayaona sana kliniki; sukari ya binadamu haitulii hivyo. Anawaandikia mnachopenda kusoma.

Kuanzia leo insulini ishike wewe, na umwone akijidunga. Mwambie unampokea mzigo, maana miaka yote hii kaubeba mwenyewe. Akianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu au pumzi kunukia kama matunda yaliyoiva mno, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kisha kaeni wawili, baba asiwepo. Muulize: wiki mbili hizi, siku nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Halafu muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na kwenye nyumba yenye insulini swali hili halirukwi. Akikubali, usimwache peke yake, insulini ifungie, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Nahisi ni sonona, ambayo huwapata wenye kisukari kuliko wenzao, na inatibika kwa maongezi na mtaalamu, pengine na vidonge. Ila sukari ikipanda nayo huleta uchovu na hasira, kwa hiyo kliniki waombeni kipimo cha HbA1c. Hicho husoma wastani wa miezi kama 3, daftari haliwezi kukidanganya. Tezi ya shingoni nayo ipimwe. Baba aje, asikie mwenyewe.

Kama anachoma na mchana, muulize shuleni anajidungia wapi. Wengi huniambia chooni, wakiogopa kudhaniwa wanatumia dawa za kulevya. Ikiwa ndivyo, muone mwalimu wa malezi apatiwe chumba.