Mayai ya chatu sio ya kuku jamani

SWALI: Kaka shikamoo. Nina chatu wawili, wale wadogo wa Afrika Magharibi ambao wakiogopa wanajikunja kama mpira. Jike ana miaka miwili na gramu 1,100, dume gramu 700. Nataka kuwapandisha, ndo mara yangu ya kwanza, na mashine ya kutotolesha ninayo tayari, ile ya kuku inayogeuza mayai yenyewe. Je, niwaweke pamoja hata leo? Na nitajuaje kama mayai ni mazima?
Mfugaji mpya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa zima hicho kigeuzi cha mayai, yani zima sasa hivi kabla hujasahau. Yai la kuku linageuzwa ili kiinitete kisigande kwenye ganda, ila la chatu ni kinyume chake, kiinitete kinajishika upande wa juu mapema tu baada ya kutagwa, ukilipindua unaweza kumuua mtoto humohumo. Kwa hiyo likikaa hivyo limekaa hivyo. Chukua penseli ukapige alama juu ya kila yai, hata ukilihamisha unajua juu ni wapi. Yakiwa yamegandana usiyabandue, weka bonge zima.

Haya turudi kwa jike: bado. Subiri afike kama gramu 1,500 na miaka mitatu hivi, kwa sababu akibeba mayai mara nyingi anaacha kula, mayai yanajengwa kwa akiba ya mwili wake, sasa mwembamba atatoa wapi? Akitaga anabaki ngozi na mifupa na utatumia miezi kumrudisha. Dume wako yuko poa, ila msimu ukifika anaweza kususa chakula wiki kadhaa, usipaniki.

Na una uhakika ni jike na dume? Usicheke, kuna watu wamesubiri mayai mwaka mzima kumbe ni madume wawili. Mpe mtu mzoefu awaangalie, usijaribu kwa vidole vyako utamuumiza.

Wakati ukifika mtie dume kwenye boksi la jike siku mbili tatu, mtoe apumzike, halafu rudia. Siku moja utamkuta jike kavimba katikati kama kameza kitu kikubwa, uvimbe wenyewe haukai sana, ukichelewa kumwangalia umeukosa. Wiki mbili tatu baadae anajivua gamba. Hiyo tarehe iandike ukutani! Hesabu siku 30 hivi kutoka hapo ndo anataga, mara nyingi mayai manne mpaka nane.

Kujua yai zima: zima taa, weka tochi ubavuni mwa yai, ukiona vimishipa vyekundu mule ndani basi kuna mtu. Bovu mara nyingi linakuwa la njano, dogo, halina mishipa. Joto liwe nyuzi 31 mpaka 32 za sentigredi na unyevu mwingi, ila maji yasiguse mayai. Hapa mimi nililia. Batchi yangu ya kwanza mayai yalianza kubonyea karibu na mwisho, nikadhani yamekauka nikayamwagia maji, yakaota ukungu karibu yote, kumbe kubonyea wiki za mwisho ni kawaida kabisa, kubonyea mapema ndo ishara ya ukavu.

Siku ya 55 mpaka 60 watoto wanachana ganda. Utaona pua tu imetoka, inachungulia siku nzima na zaidi, nawe mikono inakuwasha. Usimvute, bado anamalizia kiini. Chakula cha kwanza ni baada ya kujivua gamba la kwanza, kama wiki moja hivi.

Kwa sasa tafuta mizani ya jikoni, mpime kila mwezi, akigusa 1,500 niandikie tena.