"Run" haikimbii: jibu langu kwa kijana anayekariri kamusi

Juzi kijana mmoja wa chuo aliniandikia: "Kaka, nimekariri maneno 2,000 ya Kiingereza lakini nikishika gazeti bado napotea. Niongeze mangapi?" Nilirudia kuusoma ujumbe huo, kwa sababu miaka 13 iliyopita swali hilo lilikuwa langu, na jibu lake nililipata kwa aibu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, kamusi ninayo. Nikapewa dodoso la afya nilitafsiri, kurasa 14, la mradi uliokuwa ukifuatilia kisukari vijijini mkoani Morogoro. Nililimaliza kwa siku mbili nikajiona bingwa. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na swali: "Does diabetes run in your family?" Neno "run" nalijua tangu shule ya msingi, sikuhangaika hata kufungua kamusi. Nikaandika: "Je, kisukari kinakimbia katika familia yako?" Kumbe waliuliza kama ugonjwa huo umo katika ukoo.

Dodoso likachapwa, likaenda vijijini. Mzee mmoja aliyemuuguza mama yake na kaka zake wawili kwa kisukari alijibu hapana, hakijakimbia, bado tunacho. Mdodosaji akaweka alama kwenye hapana. Mama mwingine, ambaye kwao ugonjwa huo haupo, akasema ndiyo, kimekimbia, tunamshukuru Mungu. Ikawekwa alama kwenye ndiyo. Mnaelewa kilichotokea? Wenye ugonjwa katika ukoo waliandikwa hawana, na wasio nao waliandikwa wanao. Swali zima ikabidi litupwe.

Mratibu aliisoma sentensi yangu kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Watu wakacheka. Malipo yangu yakakatwa nusu. Kosa lilikuwa langu na sijawahi kulikana, lakini hakuna hata mmoja pale aliyelipitia dodoso kabla halijapelekwa kwa wananchi, na lawama nikaachiwa peke yangu. Mpaka leo nikikikumbuka kile chumba kifua kinabana.

Usiku ule nilianza kulichunguza neno moja tu, na nikakuta bahari. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, ililipa neno "set" maana 430, maelezo yake yakala maneno kama 60,000. Baadaye wahariri walipoanza kuyapitia maneno upya, "run" ikaipita. Mhariri Peter Gilliver alikaa na kitenzi hicho kimoja miezi tisa, akatoka na maana 645. Mtaalamu aliyezaliwa na lugha hiyo, miezi tisa! Mimi nilikipa sekunde moja.

Ukizitazama maana hizo unaona zilivyozaana. Mtu anakimbia. Maji nayo yanatiririka, basi na pua yenye mafua ni "run". Zikaja mashine, na injini inayofanya kazi ikawa "run", kisha mwenye kuendesha kiwanda, mwenye kuendesha duka, na leo programu ya kompyuta. Wateja wa benki wakikimbilia kutoa fedha zao zote kwa hofu, hiyo pia ni "run". Maziwa yakikuishia nyumbani, "run out". Gari likimgonga mtu, "run over".

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni uchaguzi. Mmarekani anayetaka ubunge hu-"run", yaani anakimbia. Mwingereza anayetaka kiti kama hicho hu-"stand", yaani anasimama. Sisi tunagombea, neno lililo ndugu wa ugomvi. Jambo ni moja, picha tatu, na hakuna kamusi ya neno kwa neno itakayokuvusha hapo.

Wala tusijifanye lugha yetu ni nyepesi. Mgeni akifundishwa kwamba "piga" ni kumtia mtu kofi, atatuonaje tukipiga simu, tukipiga picha, tukipiga mswaki, tukipiga kura, tukipiga deki na kupiga magoti? Wewe uliyajuaje? Hukukaa ukakariri maana za "piga". Ulimsikia mama akisema "nenda kapige pasi shati lako", ukaenda. Neno lilikuja na mwenzake wameshikana mikono, ukawapokea wote wawili.

Basi, mdogo wangu, hilo ndilo ninalokwambia: usipokee neno la Kiingereza likija peke yake. Daftari lako lenye "run ni kimbia" lichane. Andika sentensi nzima uliyoikuta mahali, na chini yake andika ambavyo bibi yako angelisema jambo hilo. Usikubali neno bila sentensi. Ninarudia kwa sababu najua hamtanisikia, mnataka orodha, mnataka maneno 5,000 kwa mwezi mmoja, na walioko mitandaoni wanawauzia. Vijana, acheni kununua orodha! Kaeni na sentensi moja mpaka iwakubali.

Mwezi uliopita nililetewa dodoso jingine la kisukari, la watu wengine kabisa, nilihakiki. Swali lilikuwa lile lile. Mtafsiri wake, binti mdogo, alikuwa ameandika "kinatembea katika familia". Sikuisoma sentensi yake mbele ya mtu. Nilimpigia simu, tukakaa nalo kama robo saa, tukaandika: "Je, kuna ndugu yako wa damu aliyewahi kuugua kisukari?" Kabla ya kulipitisha tulimsomea mlinzi wa getini. Akajibu hapo hapo: "Ndiyo, baba na shangazi."

Kijana, nitumie sentensi 10 zenye "run" ulizozikuta mwenyewe kwenye hilo gazeti linalokupoteza. Ukizipata, nitazisoma zote.