Muulize Bwana Shamba: Shelisheli la mwenye nyumba

SWALI: Bwana Shamba, shikamoo. Nimehamia Malindi kikazi kutoka Machakos. Mama mwenye nyumba ameniletea tunda la kijani, kubwa kama kichwa cha mtoto, akaniambia, "Shelisheli hilo, ule." Nililikata nikalionja bichi: halina ladha, na kisu kinanata mpaka leo. Naona haya kumwuliza. Jina hili lina maana gani, na linaliwaje? Nataka pia kupanda, lakini sikuona mbegu.
Mgeni wa Maweni

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibu Malindi. Kisu kipake mafuta ya nazi kisha ukifute kwa gazeti. Sabuni hapo haifui dafu. Utomvu wa shelisheli ni ulimbo hasa. Kwenye visiwa vya Pasifiki watu waliutegea ndege na kuzibia mitumbwi.

Jina halina fumbo. Ni la visiwa vya Shelisheli, huko mashariki yetu baharini. Kinachonichekesha ni kwamba visiwa vyenyewe vimebeba jina la mtu: Jean Moreau de Séchelles, waziri wa fedha wa Mfalme Louis XV, tangu Wafaransa walipovitwaa mwaka 1756. Kwa hivyo kila anayeuliza bei ya shelisheli sokoni anamtaja waziri wa Ufaransa bila habari. Na huko Shelisheli nako mti ni mgeni. Asili yake ni pande za Guinea Mpya.

Waingereza wao waliliita tunda la mkate, na liliwaingiza matatani. Mwaka 1789 nahodha William Bligh alitoka Tahiti na miche zaidi ya 1,000 ndani ya meli ya Bounty, aipeleke visiwa vya Karibi iwe chakula rahisi cha watumwa. Mabaharia wakaasi, wakamshusha kwenye mashua na watu 18, miche wakaitupa baharini. Bligh hakukoma. Alirudi na meli nyingine, na mwaka 1793 miche ikafika Jamaica, lakini watumwa hawakulipenda tunda hilo mwanzoni. Siwalaumu. Labda nao walionjeshwa bichi.

Hili usilihesabu pamoja na maembe. Wenzake ni muhogo na ndizi mbichi. Chagua lililopevuka, ambalo ngozi imeanza kuwa na umanjano na ina matone ya utomvu yaliyokauka. Mimi nalipenda la kuchoma: liweke zima juu ya makaa, uligeuze mpaka liwe jeusi pande zote, kama saa moja hivi. Menya, toa moyo wa katikati, ule lingali moto na samaki wa kupaka. Nyumbani kwangu, Ramadhani, hupikwa la nazi: vipande vinachemshwa kwa chumvi na tui jepesi, vikikaribia kuiva linatiwa tui zito na pilipili mbuzi. Siku hizi vijana wanalikaanga kama chipsi. Wale, lakini mimi naona wanaliharibu. Usiliweke zaidi ya siku mbili tatu, litalainika. Ukishindwa kulipika mapema, lizamishe kwenye ndoo ya maji.

Hukuona mbegu kwa sababu aina hii haina. Huoteshwa kwa machipukizi ya mizizi. Fukua taratibu chini ya mti, tafuta mzizi wenye unene wa kidole gumba, uukwaruze kwa kisu, kisha urudishie udongo. Chipukizi likishatoa majani kadhaa, likate pamoja na kipande cha mzizi, ulitie kwenye mfuko wa miche na kuliweka kivulini. Lipande shambani masika yakianza, na kaskazi ikivuma usiache kumwagilia, maana mti huu hauvumilii ukavu. Uweke mbali na ukuta na shimo la choo. Unapita mita 15 na mizizi yake haina adabu. Na huyo mama umwombe ruhusa kabla hujashika jembe.