Maswali Yenu: Mbona Kila Januari Naanza Upya?

Barua za mwezi huu zimenifurahisha. Hakuna aliyeuliza ale nini, hilo mnalijua. Mnachouliza ni mbona mnaanza vizuri halafu mnaishia njiani. Nimechagua sita.

Shikamoo Shangazi. Kila Januari naacha chipsi na soda, naanza matunda na saladi. Mwezi wa tatu ukifika niko palepale kwa muuza chipsi. Nasikia tabia hujengeka kwa siku 21, mbona mimi zinapita na sijengeki? (Kijana wa Tabata)

Marahaba, mwanangu. Hizo siku 21 zimetembea sana mjini. Zilianza kwa Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji si chini ya siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Sasa pua mpya na chipsi wapi na wapi?

Waliopima tabia yenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Walifuatilia watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja tu, la kula, kunywa au mazoezi, akalifanya kila siku baada ya tukio lilelile, mathalani baada ya kifungua kinywa. Mtu wa katikati alichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajiendea lenyewe. Mwepesi kuliko wote alichukua siku 18, na mzito zaidi alikadiriwa siku 254. Nawe usikie hili hasa: kuikosa siku moja hakukuwarudisha mwanzo.

Wewe umejitwisha mambo manne kwa siku moja, tena mojawapo ni saladi, ambayo nadhani hata nyumbani kwenu hailiwi. Chukua moja. Ukishuka daladala jioni, kabla hujavuka barabara, nunua ndizi mbivu mbili uzile palepale. Kwa muuza chipsi utafika tumbo limetulia, na mwenye tumbo lililotulia haagizi zege ya mayai matatu. Huenda hata ukampita. Likishazoeleka hilo, niandikie tuongelee soda.

Shangazi, nilipimwa presha nikaambiwa nipunguze chumvi na mafuta. Nikaanza kujipikia sufuria yangu. Baba watoto anasema nakula chakula cha wodini, na watoto wananicheka. Nimechoka kupika mara mbili. (Mama wa wanne, Mbagala)

Pole, mwenzangu. Kinachokuchosha ni hiyo sufuria ya pili. Sijaona mwanamke aliyeweza kupika mara mbili kwa miaka kumi. Rudi kwenye sufuria moja, uibadilishe kimyakimya.

Anza na mafuta. Mwaka juzi nilijipima mwenyewe. Kile nilichokuwa nakiita "mafuta kidogo", nikimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, kilijaza vijiko saba vya chakula, kwa mafungu mawili ya mchicha! Sasa natia vitatu. Kitunguu kikianza kushika chini, natia nyanya au maji kidogo, kinaendelea kuiva. Wageni wamekula, hakuna aliyesema neno. La kufanya ni hilo tu: kijiko kikae juu ya dumu, usimimine kwa macho.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo umo mkate, dagaa wa chumvi na vile vipande vya kiungo cha mchuzi. Vipande hivyo vina chumvi nyingi mno. Siku ukitia kipande, usitie chumvi nyingine. Siku usipotia, weka chumvi mwishoni ukishaepua, ukamulie ndimu. Chumvi iliyoko juu ulimi unaiwahi, na ukali wa ndimu unaziba pengo. Punguza kidogokidogo kila wiki. Baba watoto hatagundua, nawe usimwambie. Kama ulipewa vidonge vya presha, endelea navyo mpaka daktari aseme vingine.

Mimi mchana nakula kwa mama ntilie kila siku. Nitakulaje vizuri wakati sipiki mwenyewe? (Fundi gereji, Morogoro)

Kwa mama ntilie una bahati kuliko unavyodhani. Pale pana maharage, tembele, dagaa, samaki. Ubaya uko kwenye upakuaji: mlima wa wali, na mboga kijiko kimoja pembeni kama pambo. Wahi kabla hajashika upawa, mwambie, "Mama, leo nipunguzie wali, uniongezee maharage na majani." Akitaka mia mbili ya nyongeza, mpe. Mteja wa kila siku hukaririwa. Baada ya wiki atakupakulia hivyo bila kuulizwa. Chai ya rangi iache mpaka ipite saa moja baada ya kula, maana inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye hayo maharage na majani.

Nakunywa chai vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Nikihamia asali itasaidia? (Bi Mkubwa, Tanga)

Shikamoo, Bi Mkubwa. Vijiko kumi na viwili, kila kimoja kama gramu 4, ni karibu gramu 48. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, kiwango cha juu cha siku nzima ni gramu 50, hapo hujagusa andazi. Asali nayo inahesabiwa humohumo, haikusaidii. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, ukae wiki mbili, kisha nusu nyingine. Tia iliki na tangawizi ya kutosha, ulimi usijione umenyimwa.

Ramadhani inaniharibia kila kitu. Nifanyeje? (Msomaji, Zanzibar)

Futari ya nyumbani haina ubaya: tende, uji, mihogo, kunde. Kinachokuponza ni sambusa na kaimati za kusogezeana mpaka saa nne usiku. Weka zako kwenye kisahani, sinia lirudi jikoni. Daku usiiruke.

Nimehamia unga wa dona lakini unachacha na kuwa mchungu, nimerudia sembe. Kuna dawa? (Mwalimu, Dodoma)

Dona haijakobolewa, hivyo pumba na kiini bado vimo. Kiini ndicho chenye mafuta, na mafuta ndiyo yanayochacha. Sembe hukaa kwa sababu vyote hivyo vimeondolewa, na nyuzinyuzi zimekwenda navyo. Acha kununua kiroba cha kilo 25. Weka mahindi makavu ndani, upeleke mashineni kilo mbili au tatu kwa wiki, na unga uupoze kabla ya kuufunika, maana hutoka mashineni ukiwa moto. Watoto wakilalamika rangi, changanya nusu kwa nusu na sembe mwezi wa kwanza.