Gazeti Liko Wapi?

Wiki yangu ya kwanza ya mafunzo ya uwakili, nilimwandikia mwalimu wangu kurasa kumi na saba za kupinga uteuzi wa mwendesha mashtaka. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vitambaa, si mbali na Treasury Square, Mombasa, feni ikizipeperusha karatasi. Hakusoma hata moja. Aliuliza tu, "Gazeti liko wapi?" Gazeti Rasmi la Serikali, alimaanisha. Uteuzi hutangazwa humo, na mimi wala sikuwa nimelitafuta.

Basi nyinyi mnaoanza sasa, anzieni hapo: huyu kateuliwa na nani, kwa sheria ipi? Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma yuko kwenye Kifungu cha 157 cha Katiba ya Kenya. Rais humteua baada ya Bunge la Kitaifa kuliidhinisha jina, awe na sifa za jaji wa Mahakama Kuu, akae miaka 8 na asiteuliwe tena. Wale waendesha mashtaka mnaowaona kortini kila asubuhi ni habari nyingine.

Na hiyo habari nyingine ndiyo tamu. Someni kesi ya Elirema, Mahakama ya Rufani, 2003. Zama hizo polisi waliendesha mashtaka katika mahakama za chini, na sheria ilimtaka afisa asiwe chini ya cheo cha inspekta msaidizi. Waliosimama kuiendesha kesi hiyo walikuwa makoplo, chini ya cheo hicho. Kesi ikabatilishwa yote, kwa sababu ya cheo. Cheo chenyewe huandikwa juu kabisa ya kumbukumbu za kesi, pale hakimu anapoorodhesha waliohudhuria, mistari ambayo mawakili wengi tunairuka tukikimbilia ushahidi.

Ila msikimbilie kumpongeza mteja. Kubatilishwa kwa kesi si kuachiwa huru. Korti yaweza kuamuru isikizwe upya. Kuna mama alishatuletea halua ofisini kabla sijapata ujasiri wa kumweleza hilo.

Kwa wateuliwa wakubwa, someni kesi ya Mumo Matemu. Yeye alikuwa wa tume ya kupambana na ufisadi, si wa mashtaka, lakini njia ni ile ile. Mahakama Kuu iliufuta uteuzi wake 2012, Mahakama ya Rufani ikaurudisha 2013. Majaji hutazama kama Katiba na utaratibu vimefuatwa. Hawakai pale kumchagulia Rais mtu. Kwa hiyo "angepatikana aliye bora" ni maneno ya barazani. Tafuteni kumbukumbu za kamati ya Bunge iliyomhoji: aliulizwa nini, na malalamiko ya wananchi yalijibiwa au yaliwekwa kando?

Kisha, kwenye ombi lako kortini, taja kifungu cha Katiba kilichovunjwa na kimevunjwa vipi. Sharti hilo lipo tangu kesi ya Anarita Karimi, 1979, na bado watu huandika ombi kama orodha ya sokoni. Mimi niliwahi kupanga vifungu kumi na vinne. Jaji akavua miwani, akaniomba nichague kimoja.

Nikachagua kibaya.