Kiyoyozi subiri, anza na paa

Kaka, umesema kuta zimeshafika linta, ile boriti ya juu ya madirisha, hapo Wete, Pemba, bati hujanunua, na unauliza kiyoyozi cha ukubwa gani. Usinunue bado. Pangaboi hula wati 70 hivi, kiyoyozi cha chumba kimoja kinaweza kufika wati 1,000. Pesa hiyo ipeleke kwenye paa.

Joto la nyumba ya bati hushukia darini. Chukua bati jeupe. Hilo la maruni liache, hata fundi akilisifu vipi. Bati lisilo rangi hung'aa likiwa jipya, lakini likishapata moto hupoa kwa shida, na hewa yetu ya chumvi hulifubaza mapema. Chini yake tandika foili, ile karatasi ya alumini ya kurudisha joto, na uiachie nafasi ya hewa ya sentimita 2 au 3. Ikigusana na bati, joto hupita moja kwa moja, na mafundi wengi huibana hivyo hivyo ili wamalize kazi. Halafu toboa matundu pande mbili za paa, juu kabisa, hewa ya moto itoke. Tia wavu, popo hawabishi hodi.

Dari bila matundu hayo ya paa ni nusu ya kazi, na pesa ikipungua mimi naona bora upunguze jipsamu za urembo sebuleni.

Madirisha ushayatoa, basi. Ila dirisha la magharibi litaumiza, kwa sababu jua la alasiri huingia chini ya upenu. Huko jenga baraza lenye paa, au panda mti wa mkungu mapema, ukupe kivuli.